Kuzima na Kufunga

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwafundisha vijana uhakiki wa fasihi. Niliwaambia kwamba kila maandishi yana fani na maudhui, kwamba fani ni chombo na maudhui ni kile kilichomo chomboni, na kwamba mhakiki mwadilifu haweki kalamu chini kabla ya kueleza mwandishi amefaulu wapi na hakufaulu wapi. Wengi wao walidhani elimu hiyo ni ya riwaya na tamthiliya tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Katika insha hii nataka kuhakiki maandishi mafupi kuliko yote niliyopata kuyahakiki: sentensi moja, isiyo na jina la mtunzi, ambayo kompyuta yangu huiandika usiku ninapoiamuru ipumzike.

Huenda msomaji akacheka, na acheke. Lakini kwa sababu ya kutoisoma sentensi hiyo, nyumba yangu ilipoteza majina ya mamia ya watoto, na mimi na mjukuu wangu tulikaa miezi minne bila kusemezana. Maandishi yenye uwezo wa kufanya hivyo yanastahili kuhakikiwa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, tena kuukuu. Nilipewa na mwanafunzi wangu wa zamani ofisi yake ilipopata mpya. Inaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Aina niliyo nayo mimi inaitwa Ubuntu. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Haiuzwi. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, watengenezaji wake walikuwa wakizituma diski zake kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, hata yule asiye na intaneti akaweza kuipata. Mstaafu hachagui mashine, hushukuru. Nami nilishukuru kwa dhati, maana nilikuwa na kazi mkononi.

Mwaka 1975, muda mfupi baada ya kutoka Chuo cha Ualimu Butimba, nilikabidhiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Shinyanga. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza elimu ya msingi iwe ya wote, na watoto walikuwa wakiandikishwa kwa makundi, wengine wakubwa kiasi cha kuota ndevu. Nilikaa hapo hadi 1983. Rejesta za uandikishaji nilizijaza kwa mkono wangu: jina la mtoto, jina la baba, kitongoji, na mwaka wa kuzaliwa kadiri mzazi alivyokumbuka. Katika miaka ya karibuni watu wazima, wenye miaka hamsini na kuzidi, walianza kunifuata hapa Ngokolo kuniuliza kama nakumbuka walizaliwa lini, kwa kuwa walikuwa wakitafuta Kitambulisho cha Taifa na hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa baadhi yao, ule mstari katika rejesta ulikuwa ndiyo karatasi pekee iliyopata kuandika jina lao walipokuwa watoto.

Basi mwaka 2023 niliomba ruhusa, tukaenda mimi na mjukuu wangu, tukazipiga picha rejesta hizo kwa simu yake, ukurasa kwa ukurasa, picha 312. Tulifanya vyema kuwahi. Mvua zilizofuata, paa la stoo likavuja na mchwa wakamaliza kilichobaki. Picha zikawa ndani ya kompyuta yangu, nami kila jioni nikawa nayaandika majina upya katika jedwali, taratibu, kwa vidole viwili.

Mjukuu wangu huyo ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Makazi yake ni Katoro, mkoani Geita, na wakati huo yeye na wenzake walikuwa na duara lao upande wa Nyarugusu. Usiku mmoja wa mwaka 2024, kabla ya kuwahi basi la alfajiri, alitaka kuziweka picha hizo katika flashi ili akazichapishe steshenari huko kwao, nipate nakala ya karatasi. Lilikuwa wazo jema. Ila hakuzinakili, alizihamisha. Mstari ukajaa kwenye kioo, kidirisha kikajifunga, kila kitu kikaonyesha kwamba kazi imekwisha. Akaamuru kompyuta izime. Kioo kikawa cheusi, ikabaki ile alama ya Ubuntu na mchoro mdogo unaozunguka. Dakika mbili. Tatu. Tano.

“Babu, imekwama,” akasema.

“Basi ibonyeze,” nikamjibu nikiwa kitandani.

Akakandamiza kitufe cha umeme mpaka taa zikafa, akachomoa flashi, akalala. Alipofika Katoro alikuta majina ya mafaili yapo, lakini mengi hayakufunguka. Na kwangu yalikuwa yameshafutwa. Kati ya picha 312 zilipona 64. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtoto yeyote, seuze wa damu yake. Jibu langu la kitandani nikalisahau kabisa. Nilichokumbuka ni kidole chake tu.

*

Hebu sasa tuingie katika uhakiki wenyewe, tukianza na maudhui. Je, mashine ilikuwa inafanya nini zile dakika tano?

Msomaji aliyekulia katika nchi ya pamba atanielewa upesi. Siku za ushirika, mkulima aliyefikisha pamba yake gulioni alipimiwa, akaandikiwa risiti, akaenda zake. Risiti ilisema mzigo umepokelewa. Lakini marobota yenyewe yangali nje ya ghala, yakingoja wachukuzi. Linux hufanya vivyo hivyo. Ili usikae kuisubiri, huupokea mzigo wako katika kumbukumbu yake ya muda, hukwambia tayari, kisha huupeleka kwenye flashi kidogo kidogo. Flashi ya bei nafuu huandika polepole mno. Kufuta, kwa upande mwingine, ni kazi ya nukta chache, kwa kuwa hakuna cha kubeba. Kwa hiyo usiku ule picha zilikuwa zimeshaondoka nyumbani kwao, na nyingi hazijafika ziendako. Zilikuwa njiani, mkononi mwa mashine. Nasi tukaikata mkono.

Kumbe haikuwa imekwama. Ilikuwa imekataa kulala ikiwa na mzigo wa watu.

Hapa ndipo nilipoanza kuitilia shaka hata lugha yetu. Watu wote tunasema kuzima kompyuta. Kuzima ni neno la koroboi na jiko. Ukizima taa, hakuna wa kuagwa. Mwanga ulikuwapo, sasa haupo. Lakini shule haizimwi. Shule hufungwa. Siku ya kufunga shule vitabu hurudishwa na kuhesabiwa, madeni huandikwa, funguo hukabidhiwa, na mwalimu wa zamu hupita mabwenini kuona kama kuna mtoto aliyebaki kwa sababu ndugu zake hawajaja kumchukua. Nimefunga shule mara nyingi maishani mwangu. Sikumbuki hata siku moja niliyoondoka kwa sababu tu jua limekuchwa. Tunachokiita kuzima kompyuta ni kufunga shule: kila programu huambiwa ikamilishe kazi yake, mafaili yahifadhiwe, diski ziachiwe moja baada ya nyingine, na umeme ndio wa mwisho kuondoka. Tangu tulipochagua neno la koroboi, tulijifundisha wenyewe kukasirika mwanga unapochelewa kufa.

Katika Ubuntu ya siku hizi msimamizi wa ufungaji huo ni programu iitwayo systemd. Ilianza mwaka 2010, na Ubuntu ikaifanya kuwa msimamizi wake wa kawaida mwaka 2015. Utaratibu wake ni wa kiungwana. Kwanza huipelekea kila huduma ombi la kufunga kazi. Kisha huingoja. Kwa kawaida huingoja sekunde 90. Isipojibu, hapo ndipo huikatisha kwa nguvu. Walakini kuna hali moja ambayo hata nguvu hiyo haifui dafu: programu iliyo katikati ya kuandika diskini haisikii amri ya kuuawa mpaka iandike kile ilichoshika. Ndiyo maana tulisubiri dakika tano, si moja na nusu.

Na wakati wote wa kungoja, msimamizi huyo huandika kwenye kioo sentensi ninayoihakiki. Kwangu huja kwa Kiingereza. Nikiitafsiri neno kwa neno, nitasema: kazi ya kusimama inakimbia. Mwanafunzi wangu angeniletea sentensi hiyo ningeizungushia duara jekundu. Lakini nikiitafsiri kwa maana, inasema: tunamngoja fulani amalize. Hutaja fulani huyo ni nani. Halafu huweka hesabu mbili, muda uliokwisha kupita na muda wa mwisho wa kungoja, kwa mfano sekunde 12 kati ya dakika 1 na sekunde 30.

Nimeisoma sentensi hii mara nyingi, na ninakiri kwamba kwa maudhui ni maandishi bora. Ina mhusika, ina tendo, ina muda, na haina sifa hata moja ya kujipamba. Haisemi “tafadhali subiri”, maneno ya karani asiyetaka kukwambia mkubwa wake yuko wapi. Inasema ni nani anayengojwa. Wanafunzi wengi wa kidato cha nne hawajui kuhitimisha insha kwa namna hiyo; huandika kwamba wamefika mwisho, bila kueleza ni jambo gani bado halijafika.

*

Sasa fani. Hapa sina budi kuwa mkali.

Sentensi hiyo njema imefunikwa na picha. Watengenezaji, kwa nia ya kumpendeza mtumiaji asiogope maandishi meupe kwenye weusi, wameweka juu yake alama ya kampuni na mchoro unaozunguka. Mchoro huo huzunguka vilevile, kwa mwendo uleule, mashine ikiwa na shida au isipokuwa nayo. Nilijifunza ubaya wake kwa kisa cha pili, kilichotokea baada ya kile cha flashi.

Binti yangu ana kompyuta ndogo ya mapajani. Mimi na yeye hutumia folda moja lililomo ndani ya yake, nami hulifikia kwa mawasiliano yasiyo na waya. Yeye hulala mapema. Hufunga ya kwake saa tatu, anakwenda zake. Ya kwangu inabaki imelishika folda ambalo mwenyewe hayupo tena. Saa nne nikiiamuru ipumzike, ile picha huzunguka na kuzunguka. Kwa kuwa nilikuwa nimeumwa na nyoka mara ya kwanza, safari hii niliogopa unyasi: nilikaa mbele ya kioo robo saa nikiwa na blanketi mabegani, sikuthubutu kugusa kitu. Usiku uliofuata hivyohivyo. Wahenga walisema subira yavuta heri, nami nilivuta nikavuta. Hakukuwa na heri ya kuvuta. Mashine ilikuwa inangoja jibu la mtu aliyelala.

Kijana mmoja anayefundisha kompyuta hapa mjini ndiye aliyenionyesha. Alibonyeza kitufe cha Esc mara moja tu, picha ikaondoka kama pazia, na maneno yakawa pale, meupe, na jina la folda la binti yangu likiwa ndiye fulani anayengojwa. Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kijana alidhani nimefurahi.

Nilikuwa nikiwaza juu ya usiku wa flashi. Kama ningejua kitufe hicho kimoja, ningemwambia mtoto akibonyeze, tungeliona jina la flashi, na mimi, pamoja na uzee wangu, ningeng'amua kwamba flashi ndiyo iliyobeba rejesta. Tungeenda kulala na kuiacha ifanye kazi. Asubuhi tungeikuta imejifunga yenyewe.

Hilo ndilo shitaka langu dhidi ya fani hii, na nalitoa bila kupunguza. Kuna kungoja kwa aina mbili. Kuna kumngoja aliye njiani, na kuna kumngoja asiyekuja. La kwanza linataka uvumilivu, la pili linataka uamuzi. Ukikosea kati ya hayo mawili, ama unaharibu, ama unakesha bure. Nami nimefanya yote mawili katika nyumba moja. Maneno yalikuwapo ya kunisaidia kutofautisha. Picha iliyafunika, ikazifanya hali mbili zilizo tofauti kama usiku na mchana zionekane sawasawa. Mwandishi anayeficha sentensi yake muhimu kuliko zote nyuma ya jalada zuri hajafaulu, hata kama sentensi ni nzuri namna gani.

Kuna na dosari ya lugha. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema nasi kwa lugha yetu bila kupungukiwa kitu. Lakini juhudi za namna hiyo huanzia kwenye menyu: fungua, hifadhi, chapisha. Hazijafika mahali ambapo mashine hueleza shida yake. Tumefundishwa kufungua kwa Kiswahili, tukaachwa tufunge kwa Kiingereza. Mtu huhitaji lugha yake zaidi pale jambo linapokwenda kombo kuliko pale linapokwenda sawa. Hilo kila muuguzi analijua, na kila mwalimu.

*

Sitaki msomaji aondoke na malalamiko matupu. Nitaeleza kwa ufupi namna ya kuisoma mashine inayokawia kufunga, kama nilivyofundishwa na kama nilivyojaribu mwenyewe.

Kwanza, tazama taa. Kama taa ya diski au ya flashi inapepesa, kuna kazi inafanyika, iache.

Pili, bonyeza Esc uondoe picha, kisha usome jina la yule anayengojwa. Andika jina hilo kwenye karatasi hata kama hulielewi. Mjuzi utakayemwendea atalielewa.

Tatu, ukiiwasha tena, fungua dirisha la amri na uandike journalctl -b -1 -e. Hapo utaona mwisho wa daftari la safari iliyopita, mistari ya nyuma kabisa, iliyoandikwa kabla umeme haujakatika. Mimi huisoma kama nilivyokuwa nikisoma daftari la mwalimu wa zamu.

Nne, ukitaka picha isirudi kabisa, katika faili liitwalo /etc/default/grub kuna maneno mawili, quiet na splash. La kwanza huiambia mashine inyamaze, la pili huleta picha. Yaondoe, kisha uandike sudo update-grub. Tangu nifanye hivyo mashine yangu hufunga kazi kwa maandishi mbele ya macho yangu, nami nalala vizuri zaidi.

Tano, kabla ya kuchomoa flashi andika sync, amri ya herufi nne isemayo kila kilichoshikwa kipelekwe kinakokwenda, na usubiri mpaka mashine ikurudishie nafasi ya kuandika. Na kitu cha thamani kinakili, usikihamishe.

Sita, kwa folda la kompyuta nyingine, liachie kabla mwenzako hajalala. Kama limeandikwa katika faili la /etc/fstab, liongezewe neno _netdev, ili mashine ijue kwamba folda hilo huachiwa kabla mtandao haujaondolewa.

Saba, ikiwa yote yameshindikana, usikimbilie kitufe cha umeme. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha kupigia picha kioo, kisha ubonyeze S, halafu U, halafu O, ukipumzika kidogo kati ya herufi na herufi. S huandika kilichobaki, U huzifanya diski ziwe za kusomwa tu, O huzima. Ni kuzima, si kufunga; lakini angalau ni kuzima kwa adabu.

Wapo wanaoshauri dawa fupi zaidi: nenda kwenye mipangilio ya systemd, punguza zile sekunde 90 ziwe kumi au tano. Si ushauri wa kijinga. Hata Fedora, ambayo ni aina nyingine ya Linux yenye heshima, ilishusha muda huo kuwa sekunde 45 mwaka 2023, kwa sababu watu walichoka kungoja. Kwa folda la binti yangu ingefaa kabisa. Lakini ni dawa ya kupunguza kungoja bila kuuliza nani anangojwa, na programu iliyo katikati ya kuhifadhi kazi yako itakatwa pamoja na ile iliyosinzia. Mimi kwanza ningependa kumjua mtu, ndipo nimkadirie muda.

*

Mjukuu wangu alirudi mwezi wa tano baada ya ugomvi wetu. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja msibani. Jioni nilimwita mbele ya kompyuta, nikaiamuru ijifunge, nikabonyeza Esc, nikamwonyesha ile sentensi na kumtafsiria. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

“Babu,” akasema, “hii ni kama mdomoni mwa duara.”

Akanieleza. Anayekaa juu na kamba huwahesabu wanaoshuka, na jioni huwahesabu wanaopanda. Akikosekana mmoja, kamba haikunjwi. Kimya cha chini, akasema, si jibu. Kinaweza kuwa mtu amekufa, kinaweza kuwa mtu amechoka kuita. Akanikumbusha machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji pale, watu wengi wakakata tamaa, na katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wanaume watano wakatolewa wakiwa hai. “Na sisi usiku ule hatukuuliza kuna nani chini,” akasema.

Alisema sisi. Angeweza kusema mimi, kwa unyenyekevu, au wewe, kwa haki. Hapo ndipo nilipolikumbuka jibu langu la kitandani, nikamwambia kwamba kidole kilikuwa chake lakini amri ilikuwa yangu, na kwamba kwa miezi minne nilimtwisha mzigo ambao nusu yake ulikuwa wa kwangu, pengine zaidi ya nusu. Hakujibu. Aliniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo natoa hukumu yangu. Watunzi wa sentensi hii wamefaulu katika maudhui: wameifundisha mashine kungoja, kumtaja inayemngoja, na kuweka ukomo wa kungoja kwake. Hawakufaulu katika fani, kwa kuwa wameifunika kazi yao wenyewe na kuiacha katika lugha moja. Wasomaji nao, yaani sisi, tumefaulu kidogo kuliko wote, kwa kuwa hatukudhani kwamba kuna kitu cha kusoma.

Kurasa 248 hazijarudi, wala hazitarudi. Lakini mjukuu wangu ameanza jambo ambalo sikumtuma. Huko Katoro na Nyarugusu, kwenye makarasha na vibanda vya chai, akimwona mzee anayezungumza kwa lafudhi ya kwetu humuuliza alisoma wapi na mwalimu wake alikuwa nani. Wakinitaja, humtaka mzee huyo amwambie jina lake kamili, la baba yake, na majina ya wote aliokaa nao dawati moja, kisha hunitumia kwa simu. Mtu mmoja hukumbuka wanane, mwingine hukumbuka kumi na mbili. Wapo wanaotajwa na watatu kwa pamoja, na ikitokea hivyo naandika kwa uhakika.

Jana nimeandika majina kumi na tisa. Nilipomaliza nimehifadhi, nimenakili kwenye flashi, nimeandika sync, nimeiamuru mashine ifunge. Ile sentensi imetokea. Nimeisoma kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani, na kungoja sekunde ishirini na mbili mpaka aliyekuwa anangojwa akamaliza.